Mwalimu wa Safu ya Tatu

Chaki za serikali zilikuwa zikiisha kabla mwezi haujafika nusu. Hapo Mwalimu alikuwa anakuja sokoni Kariakoo kununua makopa kwa jirani yangu: mhogo uliokaushwa juani mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Aliuvunja vipande na kuandikia ubaoni historia ya ulimwengu. Mwezi wa Ramadhani makopa yalidumu. Miezi mingine watoto waliyala.

"Leo wamemla mfalme mzima," aliniambia siku moja, akikung'uta unga kwenye kanzu yake, "na nusu ya vita vyake."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza, na mtu wa namna hiyo ukimuuliza unampotezea wakati. Nitaeleza niliyoyaona, tena mengine niliyaona kwa hasira, kwa hiyo msomaji apime.

Mimi nauza kamba na ngata, zile pete za majani au za nguo kuukuu ambazo mpagazi huweka kichwani chini ya mzigo. Kibanda changu kiko upande wa soko unaotazama Gerezani. Kazi ya ngata naijua kwa kichwa changu mwenyewe, maana wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza nilibeba mizigo ya jeshi, mimi na kaka yangu Salumu. Mimi nilirudi. Kambi yetu sisi wapagazi ilikuwa hapa hapa, ndiyo iliyoupa mtaa huu jina. Leo watu wananunua nyanya juu yake.

Basi asubuhi moja nilikuwa nasokota kamba, nikaona watoto kama ishirini wamesimama mbele ya kibanda, wananitazama kama wanavyotazama chui aliyekufa. Nyuma yao Mwalimu, mikono mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Kamba," wakasema wote pamoja.

"Marahaba. Nani kafa?"

Mmoja akasogea, Ramadhani, mwana wa muuza mkaa, mrefu, shingo kama ya mbuni. "Eti wewe ndiye uliyebeba mzigo wa yule wa shaba?"

Walikuwa wanatoka mjini. Mwalimu alikuwa amewavusha Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka kwenye ile sanamu ya askari, kawasimamisha kwenye jua, kawauliza mnaona nini. Wakasema bunduki, kofia, viatu. Akawauliza: "Chakula chake kiko wapi? Blanketi lake liko wapi? Risasi zake zote hizo anazitoa mfukoni?" Watoto wakazunguka sanamu wakitafuta. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, sikatai, lakini juu pale kasimama askari peke yake, mikono myepesi. Mwalimu akawaambia: "Mzigo wake anao mtu mwingine. Mkifika sokoni mtamkuta anauza kamba."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kitabu alikuwa nacho, tena viwili. Alisoma kwa Mjerumani akafundisha kwa Mjerumani, kisha akaja Mwingereza akafundisha kwa Mwingereza. Katika sanduku lake mlikuwa na kitabu cha kwanza kilichomsifu Kaisari na kitabu cha pili kilichomsifu Mfalme. Kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa, aliviinua vyote viwili, kimoja kila mkono, akasema: "Hiki nilikifundisha kwa moyo wote. Na hiki nakifundisha kwa moyo wote. Vitabu viwili, mimi mmoja. Nitafutieni niliposema uongo." Watoto walicheka. Mwaka ulipokwisha hawakuwa wanacheka tena, walikuwa wanatafuta.

Maswali yake yalikuwa matatu, na kila mtoto wa mtaani alikuwa anayajua hata asiyesoma. Kasema nani? Alikuwapo? Akisema hivyo anafaidi nini? Wauza samaki waliokuja kutoka Feri waliyachukia maswali hayo kuliko inzi. Unasema samaki wa leo asubuhi, mtoto wa futi tatu anakuuliza: "Ulikuwapo alipovuliwa?"

Mara moja alikuja mkaguzi, Mzungu mwekundu mwenye adabu, akawauliza watoto kwa Kiswahili chake cha kupimwa: "Ni nani aliyeleta amani katika nchi hii?" Ramadhani akanyoosha mkono: "Bwana, anayesema kuna amani ni nani?" Mkaguzi alicheka, nasikia. Hakukasirika hata kidogo. Aliyekasirika ni Danieli Mbisha, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyepeleka maneno ofisini kwamba darasa la historia linafundisha ujeuri. Namtaja kwa jina kwa sababu hakuwahi kutajwa. Tangu hapo Mwalimu hakupandishwa cheo mpaka alipoacha kazi. Nilimwambia amshitaki. Akanijibu: "Mbisha naye alikuwapo, ndugu yangu. Alichosema si uongo. Ni ujeuri kweli."

Fimbo hakutumia. Watoto wawili wakipigana, aliwasimamisha mbele, na kila mmoja alitakiwa aeleze kesi ya mwenzake, kwa upande wa mwenzake, mpaka mwenzake akubali na kusema, "Ndivyo." Watoto walililia fimbo. Nimemwona kijana mmoja akibubujika machozi: "Mwalimu, nichape tu niende nyumbani!" Lakini hakuna aliyetoka mpaka "ndivyo" mbili zimesikika.

Mambo ya nchi na utawala aliyafundishia mtaro. Mtaro wa maji machafu kando ya soko ulikuwa umeziba tangu sijui lini. Akawagawa watoto: huyu Liwali, huyu Bwana Afya, wale wenye vibanda, yule mwenye mbuzi. Wakafanya baraza juma zima. Mwisho wakaandika barua ya kweli kwa Bwana Afya, na barua ikapelekwa. Mtaro ulizibuliwa baada ya miezi minne. Mwalimu akawauliza: "Umezibuliwa kwa barua yetu?" Wote: "Ndiyooo!" Akasema: "Ushahidi?" Wakaenda kuuliza. Kumbe mkubwa fulani alikuwa amekuja kutembelea soko. Mpaka leo watoto wale, sasa wana wake na watoto wao, wanabishana ni barua au ni mkubwa.

Msidhani namsifu tu. Mtu yule aliyemfundisha kila mtoto wa Kariakoo kutosadiki, yeye mwenyewe alinunua kila dawa ya goti iliyopita sokoni. Mafuta ya simba, mizizi ya Ugogo, maji ya chupa yenye rangi. Siku moja nikamkuta anapaka kitu kinachonuka kama ngozi mbichi. Nikamuuliza: "Kasema nani kinaponya?"

"Muuzaji."

"Anafaidi nini?"

Akaendelea kupaka. "Goti likiuma, ndugu yangu, mtu hana historia."

Tena kuhusu kusikiliza pande mbili: mkewe alikuwa akiniambia waziwazi, "Shemeji, upande wa pili wa nyumba hii ndio mimi, na sijaitwa shaurini hata siku moja." Mwalimu akasikia, akainamia daftari zake kama kiziwi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku ile ya watoto ishirini aliniomba nije darasani nielezee vita. Nikamwambia mimi sina elimu. Akasema: "Elimu ninayo, nimekosa aliyekuwapo." Nikaenda. Nikapenda, sifichi. Alasiri soko likipoa, nilianza kukaa benchi la nyuma, magoti yakigusa kidevu, nikajifunza herufi pamoja na watoto. Elimu yangu yote ni hiyo. Hata haya mnayosoma yametoka kwenye benchi lile.

Nilipoona amezoea kunisikiliza nikamwambia ninachotaka. Nilitaka kaka yangu Salumu aondolewe neno moja. Katika njia ya Kilwa kwenda bara, wakati wa kiangazi, Salumu aliugua tumbo, akaachwa chini ya mkwaju akiwa hai. Aliyemwacha ni mnyapara wetu, Athumani Kigwe. Tulipofika kambini majina yakasomwa, na karani Yusufu Matola akasoma hivi, nimesimama pale: "Salumu, katoroka." Mtoro! Mtu akifia njiani mnyapara anaulizwa maswali. Akitoroka haulizwi. Basi Kigwe akampa karani neno, karani akaandika, na mama yetu alikufa akijua amezaa mtoro. Watu walikataa kumfanyia Salumu hata hitima, wakisema huenda yuko hai kusini kwa Wareno, ameoa.

Na Athumani Kigwe? Yupo hapa hapa Kariakoo, vibanda sita mbele yangu, anauza vyungu. Watoto wanampa shikamoo.

Nikamwambia Mwalimu: "Waambie watoto. Waandike."

Mwalimu akafikiri. "Wewe utasema siku moja. Siku inayofuata atasema yeye."

"Nani yeye?"

"Kigwe."

Nilidhani ananitania. Lakini desturi yake ilikuwa hivyo kwa kila jambo. Ubao aliugawa kwa mistari ya mhogo, safu tatu. Ya kwanza: Huyu kasema. Ya pili: Yule kasema. Ya tatu: Yanayolingana. Mashahidi waliandikwa safu mbili za kwanza. Safu ya tatu ilikuwa ya watoto, na mpaka wote wamekwisha kusema ilibaki tupu. Shahidi wa pili hakuruhusiwa kumsikia wa kwanza. Wa kwanza aliweza kuja kumsikia wa pili, ila afunge mdomo.

Siku yangu nilisema vizuri. Nilisema mpaka watoto wakaacha kula chaki. Nilieleza Salumu alivyokuwa hawezi kusimama, alivyoomba maji, Kigwe alivyomchapa kiboko ainuke, na mvua ilivyokuwa inatupiga, na sisi tukaondoka tukimwacha kwenye matope.

Mvua ile, jamani, niliiongeza. Nasema leo. Nilikuwa nimesimulia habari hii miaka mingi kwenye mabenchi ya kahawa, na kila mara nikiongeza kidogo, mawingu kwanza, kisha matone, kwa sababu wasikilizaji walitikisa vichwa zaidi. Mwishowe nilikuwa naiona kweli. Na kiboko vilevile. Kigwe alitukana siku ile, hakuchapa.

Kesho yake akaja Athumani Kigwe, kavaa koti juu ya kanzu, anacheka na watoto. Mimi benchi la nyuma. Mwalimu akamwuliza kwa upole, "Mzee Athumani, tueleze safari ya Kilwa."

Akaeleza. Jua, vumbi, maji ya kwenye nyayo za tembo. Ramadhani akanyoosha ile shingo yake. "Mzee, mvua je?"

"Mvua gani, mwanangu? Tangu tuvuke mto mpaka tunafika hatukuona wingu."

Vichwa vyote vikageuka kunitazama. Ramadhani, bila ubaya wowote, akasema: "Tena Bwana Kamba jana alisema nduguye aliomba maji. Mtu aliyelowa mvua anaombaje maji?" Akaenda ubaoni, na mbele ya neno *mvua* kwenye safu yangu akachora alama ya kuuliza. Kubwa. Nikaiona inakaa pale juu ya kaburi la kaka yangu ambalo hata hana.

"Na ulimchapa kiboko Salumu?" mtoto mwingine akauliza.

Kigwe akashtuka, akageuka, akaniona. Akachemka. "Nani kasema? Huyu? Nimchape ili iwe nini? Mtu yuko chini, miguu imekufa, hata tukimwinua wawili anaanguka! Nilimwekea kibuyu, nikamwambia Mungu yupo, tukaenda. Nina watu mia njiani, ningefanyaje? Nikae nife naye?"

Nikasimama. Kufunga mdomo nilisahau. "Muongo! Muuaji!"

Mwalimu akasema, "Ndugu yangu, kaa. Bado safu ya tatu."

"Safu ya tatu jaza wewe na rafiki yako!"

Nikatoka. Nikampiga teke mbuzi wa mtu uani. Kuanzia siku ile sikuongea na Mwalimu. Alikuja kununua makopa kwa jirani, nikageuza uso nikahesabu kamba. Alisalimia, "Hujambo, ndugu yangu?" Nilijibu kwa kuhesabu kamba. Nilisema moyoni: amemleta mchawi kwenye matanga, amempa kiti. Miaka ikapita hivyo. Akaacha kazi, akahamia Magomeni, kwenye nyumba ndogo katikati ya minazi, na mimi sikwenda kumuaga. Makopa aliendelea kuyafuata kwa jirani yangu.

Kilichonipeleka kwake ni Kigwe mwenyewe. Mwaka huu habari za Ulaya zimeanza kunuka tena, na kwenye benchi la kahawa watu hawazungumzi jingine ila vita. Jioni moja nimepita nikamkuta Kigwe kazungukwa na vijana, anawaambia: "Ikija, nendeni. Sisi tulienda kwa furaha. Katika watu wangu mia hakuna aliyelalamika, isipokuwa watoro wachache." Akaniona. Akarudia polepole, akipuliza kikombe: "Watoro wachache."

Mkono wangu ulishika rungu la mwenye kahawa. Wallahi nililishika. Kisha nikaliacha, nikaenda Magomeni kwa miguu, sijui kwa nini huko na si kwingine. Labda kwa sababu katika dunia nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Kigwe aliwahi kuulizwa.

Nilimkuta Mwalimu barazani, goti limefungwa kitambaa kinachonuka vilevile. Kazeeka. Mkewe akapiga kigelegele kidogo cha kejeli: "Karibu, shemeji. Tumeoza tukikungoja."

Mwalimu hakushangaa. "Umechelewa," akasema. "Darasa halijaisha." Akamtuma mkewe alete sanduku.

Ndani mlikuwa Kaisari na Mfalme, wamelala pamoja, na chini yao daftari la darasa. Alikuwa ananakili kila ubao. Akalifungua, akanipa. "Soma. Nilikufundisha kusoma, usinitie aibu."

Nikasoma kwa kidole. Safu ya kwanza, maneno yangu, na ile alama ya kuuliza, na ya pili yake mbele ya kiboko. Safu ya pili, maneno ya Kigwe. Nikafika safu ya tatu, ambayo siku ile niliikimbia. Mwandiko wa Ramadhani, mrefu kama shingo yake:

*Wote wawili wanasema hakuweza kusimama. Asiyeweza kusimama hatoroki.*

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu kwa sauti, maana macho yalikuwa yananidanganya.

"Watoto waliandika hivi siku ile?"

"Kabla mbuzi hajanyamaza."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuja sokoni mara ngapi kununua makopa? Tangu lini mtu aliyeacha kufundisha ananunua makopa?"

Jirani yangu alikuwa amenichekea miaka yote hiyo kwamba mzee yule ana meno ya panya.

Akajinyoosha, na sauti yake ikawa ya darasani. "Kwamba hakuweza kusimama. Kasema nani?"

"Mimi nimesema."

"Wewe ulinyesha mvua. Nani mwingine?"

"Athumani Kigwe."

"Alikuwapo?"

"Alikuwapo."

"Akisema hivyo anafaidi nini?"

Upepo ulikuwa unapita kwenye minazi, mkewe anatwanga kisamvu uani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamhitaji mtu yule. Kigwe alikuwa amejitetea juu ya kiboko, na katika kujitetea akanirudishia kaka yangu.

"Hafaidi kitu," nikasema. "Anapata hasara."

"Basi huyo ni shahidi mzuri kuliko wewe. Kesho nenda na daftari kwenye benchi la kahawa, wakiwa wote wamekaa, ukasome. Acha rungu. Akijibu, msikilize." Kisha akanitazama pembeni kwa ule ujeuri wake. "Na sasa nieleze upande wake, mpaka mimi niseme ndivyo."

"Sielezi."

"Nieleze kidogo."

"Mwalimu, sielezi, hata ukinichapa."

Akacheka mpaka akashika goti. "Basi hujafaulu. Utarudia darasa."

Nitarudia. Lakini kabla sijaondoka niliomba penseli. Watoto walikuwa hawajaandika jina, waliandika tu *ndugu yake Bwana Kamba*. Nikaandika mwenyewe chini ya safu ya tatu, mate yakinitoka kama mtoto: *Salumu. Hakutoroka.*

Mwalimu akavuta daftari karibu na macho, akalikagua. "Herufi zako zimelala," akasema.

"Ziache zilale, Mwalimu. Zimetoka mbali."

Akaitazama safu ile kwa muda. Kisha akasema, "Ndivyo."